Yadi ya Ishirini ya Mama Nickson

Katika mtaa wa Larkmead, kule Hayes, ambako ndege za Heathrow hupita juu ya mapaa kila dakika mbili na watu hunyamaza katikati ya neno mpaka zipite, hakuna aliyejua sheria kama Winifrida. Shule alikuwa amesoma mpaka darasa la pili, huko Kibosho, na hilo la pili hakulimaliza. Lakini hati ya masharti ya mtaa alikuwa nayo sebuleni, kwenye fremu ya kioo, kati ya picha ya Bikira Maria na picha ya marehemu mumewe Severin akiwa amevaa kizibao cha njano cha wapakia mizigo wa uwanja wa ndege. Mgeni akiingia, kabla hajapewa chai, alioneshwa hati.

"Hii," alikuwa akisema, akiweka kidole kwenye mstari ambao huenda ulikuwa ndio na huenda haukuwa, "inasema jengo lolote la kuongezea lisisimame karibu na nyumba ya jirani kwa chini ya yadi ishirini. Lolote. Ishirini. Mzungu aliyejenga mtaa huu mwaka thelathini na nne hakuwa mjinga."

Alikuwa ameikariri kama katekisimu, kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo alivyosomewa na jirani yake Kanti.

Huyu Kanti nyumba yake na ya Winifrida zimeshikana ukuta, miaka thelathini na sita sasa. Alizaliwa Moshi mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wote wa Winifrida wakiwekwa pamoja. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakazi wa mtaa. Alichaguliwa mwaka mmoja ambao watu wengine wote waliumwa mafua, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Hati ilifufuka siku ile Alnashir aliponunua baa ya kona. Baa ilikuwa imefungwa miaka mingi, njiwa ndio waliokuwa wateja. Ilipokuja reli mpya, halmashauri ikabadilisha mpango wake: karibu na stesheni sasa watu wajenge kwenda juu, nyumba nyingi mahali padogo, maana London imejaa na watu hawana pa kulala. Alnashir, mtoto wa Arusha aliyekuwa na kampuni ya majengo, akachora ghorofa tano, nyumba ishirini na mbili.

Mtaa ukatetemeka. Kanti akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kanisa, na aliyesimama wa kwanza alikuwa Winifrida.

"Nyumba ishirini na mbili," alisema. "Hao watu watapita wapi? Watatupa wapi taka? Huu ni mtaa wa familia, kila mtu ana nafasi yake."

Nyumbani kwake wakati huo vyumba vilikuwa vitatu. Nickson, mwanawe wa kwanza, na mkewe walikuwa kimoja. Wajukuu watatu walikuwa katika viwili vilivyobaki, pamoja na mashine ya kufulia. Winifrida mwenyewe alilala chini, chumba cha kulia chakula, na kwenye kochi la sebuleni kulikuwa na mgeni wa parokia aliyekuja kwa wiki mbili tangu Pasaka. Hilo halikuwa jambo la kuzungumzwa. Hao walikuwa watu, wale wa ghorofani walikuwa msongamano.

Kanti ndiye aliyeitoa hati kwenye sanduku la karatasi zake. Winifrida ndiye aliyeisambaza. Alitoa nakala na kuzipeleka kwa miguu nyumba arobaini na moja, magoti yakimlia kila ngazi, na kila mlango alisimama mpaka asikie nakala imeanguka ndani. Fundi wa vipimo alipokuja na mashine yake ya miguu mitatu, ikaonekana ghorofa la Alnashir lingesimama yadi kumi na nane kutoka nyumba ya Jaswinder, katibu wa chama. Mbili zilipungua. Alnashir akarudisha michoro yake ofisini.

Siku ya mkutano wa mwisho alimkuta Winifrida mlangoni, akainama kidogo kama alivyofundishwa kwao. "Shikamoo Mama."

"Marahaba," alijibu Winifrida. "Na ghorofa hulijengi."

Mwaka ule alikuwa mtu mkubwa. Akienda dukani kwa Nadim kununua maziwa, watu walimpisha kwenye foleni. Alidai hakupenda.

Kisha ikaja habari ya Angel.

Angel ni kitinda mimba wake, muuguzi msaidizi, mama wa watoto wawili ambao baba yao aliondoka kununua simu na hakurudi. Alizaliwa hukuhuku, Kiswahili anasikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama yake husikia Kiingereza na kujibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo walivyogombana na kupendana maisha yote. Alikuwa amepanga chumba na jiko Edmonton, upande wa pili wa London. Mwenye nyumba akaamua kuuza. Halmashauri ya kule ikamtafutia Angel mahali: nyumba nzuri, walisema, ila iko kaskazini kabisa, saa nne kwa treni, mji ambao Angel ilibidi autafute kwenye ramani.

Kila Jumapili Angel alikuwa akipanda treni mbili na basi kuja Hayes, na kazi yake ya kwanza, kabla ya kuvua koti, ilikuwa kumwogesha mama yake miguu na mgongo pale ambapo mikono haifiki tena. Hawakuizungumza. Winifrida alikuwa ameosha wazee wa watu miaka ishirini na nane katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwajua wote waliokuwa wakiingia chumbani asubuhi na glavu na sauti ya furaha, wakimwita mzee wa watu kwa jina lake la ubatizo kama mtoto wa chekechea. Alikuwa mmoja wao. Na alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba mgongo wake mgeni hataugusa.

Sasa, halmashauri ya Hayes ilikuwa imetoa barua nyingine katika mpango uleule wa kujenga nyumba nyingi. Ilisema mwenye bustani ndefu anaweza kuomba kujenga nyumba ndogo nyuma. Nickson akamsomea mama yake. Akamsomea mara ya pili. Mara ya tatu Winifrida alikuwa ameshasimama dirishani akiitazama bustani, na hakuwa akiona bustani tena. Aliona kihamba.

Kwao Kibosho baba hugawa kihamba, shamba la ukoo, kingali kiganjani mwake. Mkubwa hupewa chake, wa katikati hujitafutia, wa mwisho hubaki karibu na wazazi. Na mpaka hauwekewi waya. Hupandwa masale, yale majani marefu ya kijani, moja huitwa isale, na mtu akiona mstari wa masale anajua hapa ni kwa fulani, na hata ng'ombe anajua. Ni kweli kwamba kule kwao binti hakugawiwa. Winifrida aliamua kwamba desturi ilikuja London kwa ndege na kipande hicho kilipotea na mizigo.

Akaenda duka la miche. Masale yalikuwapo, kwenye vyungu, ndani, karibu na mishumaa ya manukato, yana kijikaratasi chenye jina refu la kizungu. Mwanamke wa dukani alimwambia kwa upole kwamba huo ni mmea wa ndani, haupendi baridi. Winifrida alimwangalia mtu anayemfundisha isale, akanunua vyungu saba.

Asubuhi iliyofuata vyungu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kukata bustani, kutoka ua wa kulia mpaka ua wa kushoto. Katika Hayes yote, mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kusoma tangazo hilo. Alikuwa ameegemea ua wa upande wake na kikombe cha chai.

"Mama Nickson."

"Naam, Bwana Kanti."

"Hayo ni masale."

"Ni maua."

"Mimi nimezaliwa Moshi, mama. Maua hayapangwi hivyo. Umegawa kihamba."

Ndege ikapita. Wakasubiri wote wawili, wakiangalia vyungu.

"Nimempa Angel huku chini," alisema Winifrida ilipokwisha. "Kijumba cha vyumba viwili. Halmashauri wameruhusu sasa. Nickson amenisomea."

"Halmashauri wameruhusu. Hati haijaruhusu."

"Hati gani?"

"Ile uliyoitia fremu."

"Ile ni ya maghorofa."

"Haisemi ghorofa popote. Inasema jengo lolote. Hilo neno lolote wewe mwenyewe ulilipigia meza pale ukumbini, mpaka chai ya Jaswinder ikamwagika." Kanti akanywa kidogo. "Nimeshapima kwa macho kutoka dirishani juu. Kumi na tisa."

"Basi nitasogeza nyuma."

"Nyuma kuna kichochoro cha gari la taka. Hakusogezeki."

"Yadi moja, Bwana Kanti. Ukikohoa usiku mimi ndiye ninayesema pole ukutani. Unanizuia kwa yadi moja?"

"Alnashir tulimzuia kwa mbili. Nikikuachia wewe moja, kesho atakuja kudai ya kwake, na kesho kutwa mtaa mzima. Mimi ni mwenyekiti. Nikiwa kwenye kiti sina jirani."

Hapo Winifrida angenyamaza. Angeingia ndani akachemsha chai, akatoka kesho na maneno mengine. Lakini kunyamaza si kitu alichojaliwa.

"Yadi," alisema. "Wewe ndiye wa kuniambia habari ya yadi. Mama yangu alinunua kwa baba yako yadi nne za kitambaa cheupe cha gauni langu la Komunyo ya kwanza. Fundi akakata, mkono mmoja ukawa mfupi. Nikaenda altareni mkono mmoja mfupi, Kibosho nzima inaangalia. Yadi za baba yako zilikuwa fupi kama mguu wa kuku. Leo mtoto wake ananipimia bustani."

 Kanti alimwaga chai iliyobaki kwenye majani, akaingia ndani, na dirisha la jikoni, lililokuwa wazi kiangazi na masika kwa miaka thelathini na sita, likafungwa.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya pingamizi, imepigwa chapa vizuri, imetiwa sahihi na mwenyekiti. Winifrida alimwambia Nickson asiisome, alijua inasema nini. Aliitunga mwenyewe, karibu.

Halmashauri ilichukua miezi yake. Oktoba ikaja na jibu. Kibali kilitoka, na halmashauri iliandika kana kwamba inamshukuru: nyumba moja zaidi kwenye hesabu zao. Ila chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo uliosema kwamba kibali hiki hakifuti hati nyingine yoyote inayokifunga kiwanja. Wakili wa Nickson alieleza kwa simu. Mjenzi hatachimba hata shimo la mti, na bima hakuna atakayewapa, maadamu jirani ana pingamizi la maandishi kwa hati ile. Aondoe pingamizi, hata kwa karatasi moja, na kazi ianze.

Jumapili ile Angel alimwosha mama yake miguu. Alipomaliza, akikunja taulo, alisema kwamba wa Edmonton wanataka jibu Ijumaa. Ile nyumba ya kaskazini, aichukue au aiache. Akiiacha na hana pengine, hawampi nyingine.

"Nitaichukua, Mama," alisema. "Tusisumbuke. Nickson atakutafutia mtu wa kuja asubuhi. Kuna wazuri siku hizi."

 Winifrida alikaa amevaa soksi moja mpaka ikawa giza.

Jumatatu alizunguka na shida yake kichwani. Kumwendea Kanti mwenyewe ilikuwa haiwezekani, na si kwa kiburi tu, ingawa kiburi kilikuwapo, kimekaa mbele. Mtu akimtukania mwenzake mzazi aliyekufa, haendi mlangoni kwake na domo lilelile. Hukata jani la isale, hulifunga fundo, na hulipeleka kwa mkono wa mtu wa tatu. Mtu huyo asiwe wa damu, asiwe wa upande wowote wa ugomvi. Na jani likishapokelewa, neno limekwisha, halifukuliwi. Kwao hata muuaji aliyepeleka isale alisamehewa.

Mtu wa tatu. Nickson ni damu. Jaswinder ni katibu wa chama. Nadim alitia sahihi kwenye karatasi ya chama, Komal wa saluni alitia sahihi, nyumba zote arobaini na moja zilitia sahihi, alihakikisha mwenyewe. Padre alikuwa mpya, mtu wa Poland, angedhani ni mambo ya kipagani. Winifrida alihesabu mtaa mlango kwa mlango na kurudi, na mtu mmoja tu ndiye aliyebaki nje ya chama, kwa sababu chama kilianzishwa upya ili kumfukuza.

Jumanne akavaa koti la kanisani, akapanda basi.

Ofisi ya Alnashir ilikuwa juu ya duka la dawa, barabara kuu. Kwenye rafu kulikuwa na mfano wa ghorofa lake, umetengenezwa kwa plastiki, una vimiti na vijitu vidogo vinavyotembea na mbwa, wote wameshika vumbi.

"Shikamoo Mama," alisema Alnashir, akisimama.

"Marahaba."

Alnashir alingoja nyongeza. Haikuja. "Karibu kiti. Leo umekuja peke yako?"

"Sikuja kwa ajili ya ghorofa."

"Naona. Kwa ghorofa huwa unakuja na watu arobaini."

Winifrida akafungua mkoba, akatoa jani moja refu, limefungwa fundo katikati, limezungushiwa tangazo la misa za wiki. Akaliweka mezani kati yao.

Alnashir hakuligusa. "Mama, mimi nimekulia Arusha. Hili nalijua. Ni langu?"

"Si lako. Wewe nilikukatalia kwa haki." Akalisogeza jani. "Ni la Kanti. Namtafuta wa kulibeba."

Mwanamume akakaa. Akaangalia ghorofa lake la plastiki, akaangalia jani, na Winifrida aliona wazi kwamba anazuia kucheka, akamwacha azuie.

"Unataka mimi nipite Larkmead, mchana, na jani mkononi, nikamwombee msamaha wewe, kwa yule mwenyekiti."

"Ndiyo."

"Mama, yule mzee aliniita mharibifu mbele ya mke wangu."

"Hilo nililisema mimi. Yeye alitafsiri."

Sasa alicheka. Kisha akawa mfanyabiashara tena. "Nitabeba. Lakini kipimo chochote atakachokupa wewe, na mimi anipe hichohicho. Sitaki zaidi. Utasimama upande wangu?"

Winifrida alifikiri kwa muda wa kuvaa glavu. Kanti hakuwahi kumpa mtu chochote, hata ngazi alikuwa akiazimisha kwa maandishi. "Nitasimama," alisema.

Jumatano saa nane mchana mapazia ya Larkmead yalicheza kama kuna upepo ndani ya nyumba. Alnashir alishuka kwenye gari mwanzo wa mtaa, kwa heshima, akatembea, jani limeshikwa mikono miwili mbele ya kifua. Komal alitoka saluni na uzi wa kunyolea nyusi bado mdomoni. Winifrida alikuwa chumbani kwake, amebandika bilauri ukutani na sikio kwenye bilauri. Ukuta ule ulikuwa umemsomea habari za nyumba ile miaka yote.

Alisikia kengele. Alisikia mlango. Alisikia Alnashir anasema kitu kirefu, polepole. Kiti kikavutwa.  Kanti akakohoa, mdomo wa Winifrida ukataka kusema pole, akaubana. Kanti akaanza kusema, na hapohapo ndege ikapita. Ilikuwa kubwa, ya ghorofa mbili, na ilipomaliza kupita, alichosikia ni kabati linafunguliwa na vitu vinaanguka. Kisha mlango wa nyuma.

Alipofika bustanini Kanti alikuwa ameshaingia kwa kupitia pengo la ua ambalo wote wawili walidai mwenzake ndiye wa kuliziba. Jani lilikuwa kwenye mfuko wa shati, fundo linaonekana. Mkononi alikuwa na fimbo bapa ya kupimia vitambaa, ya mbao nyeusi, ncha zake zimevikwa shaba. Alnashir alikuwa nyuma yake, hatua tatu, kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

"Limeletwa," alisema Kanti. "Nimelipokea. Nisingeweza kulikataa na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ungenipigia ukuta tu."

"Haliji hivyo."

Kanti akaigeuza fimbo. "Hili jani naona mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba alimtuma katekista wa Kibosho alipeleke kwa mzee mmoja, mtu mkubwa, aliyekuja dukani na kitambaa chake akakitupa kaunta mbele ya watu. Alikuwa amepima nyumbani, akakikuta kifupi." Akapapasa shaba ya ncha. "Mzee alipokea. Baba alimpimia upya, akamwongeza. Lakini fimbo hakuitupa. Alisema ni mti mzuri."

Winifrida aliiangalia ile fimbo. Ilikuwa fupi kidogo tu. Mtu asiyekwenda altareni na mkono mmoja mfupi asingeona.

"Mkono gani?" aliuliza Kanti.

"Nini?"

"Wa gauni."

"Wa kushoto."

Kanti akaitikia kwa kichwa, kama anaandika mahali. Kisha akakohoa kikohozi cha mwenyekiti. "Sasa. Hati inasema yadi ishirini, na mimi hati siwezi kuivunja. Ila mara ile nilipima kwa macho, na macho si kipimo. Leo nitapima kwa yadi. Mama Nickson, shika ncha hapo ukutani. Usiinue."

"Yule fundi wa mashine alisema…" Alnashir alianza.

"Fundi alitumia mita. Hati ya mwaka thelathini na nne haijui mita. Hesabu, mama."

Winifrida alihesabu kwa sauti, akiinama na kuinuka, goti likilia moja na yeye akisema mbili. Kanti alilaza fimbo, akaweka kidole, akailaza tena, taratibu, bila kumdhulumu mtu hata unywele, kama alivyomwona baba yake akifanya. Walipita chini ya kamba ya nguo. Walipita masale. Kumi na nane, kumi na tisa. Shaba ya mwisho ilipolala, ncha yake ilibakiza nusu kidole kufika kigingi cha kijumba cha Angel.

"Hazitoshi," alisema Winifrida, ambaye alizoea kushindana. "Yaani zimetosha?"

"Sema namba."

"Ishirini."

"Ishirini," alisema Kanti. "Nimepima mwenyewe, mbele ya shahidi." Akatoa kalamu mfukoni, pale penye jani, na karatasi aliyokuwa ameshaiandika, maana mwenyekiti ni mwenyekiti. Pingamizi limeondolewa baada ya vipimo vipya. Akatia sahihi juu ya paja.

"Bwana Kanti, hiyo fimbo…"

"Ni ya baba yangu."

Winifrida akafunga mdomo. Nickson, alipohadithiwa jioni, hakuamini sehemu hiyo tu.

Alhamisi alimpigia Angel. Angel aliuliza kwa Kiingereza kama ana uhakika. Winifrida akamjibu kwa Kiswahili kwamba aje na magodoro, mpaka nyumba iinuke watalala wote chumba cha kulia chakula, na Ijumaa awaambie wale wa Edmonton kwamba huko kaskazini wapelekane wenyewe. Upande wa pili wa simu Angel alisema kitu kimoja, na hicho alikisema kwa Kiswahili.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Alnashir. Ahadi ni ahadi, na Winifrida alisimama upande wake, kwenye kona, amevaa koti la kanisani, mtaa mzima ukitazama. Kanti alipima kutoka ukuta wa Jaswinder, fimbo ileile, taratibu ileile. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa, na kipande cha upana wa sabuni. Basi.

"Pima tena," alisema Alnashir.

Kanti akapima tena. Kumi na tisa na sabuni.

Alnashir aliichukua fimbo, akaiangalia ncha moja, akaiangalia ya pili, kama mtu anayetafuta pa kuivuta. "Kwa Mama ilitosha."

"Kwangu zilikuwapo," alisema Winifrida. "Wewe zako hazipo. Vuta ghorofa lako nyuma yadi moja, nami nitakuzungushia karatasi."

Akavuta. Ilimgharimu sehemu ya kuwekea baiskeli, ambazo hakuna mtu angezipanda, na michoro mipya ikapita. Winifrida alizunguka tena nyumba arobaini na moja na karatasi nyingine, ya kulikubali ghorofa, ileile sauti, yaleyale magoti. Jaswinder ndiye pekee aliyethubutu.

"Mama, si wewe uliyetuambia ghorofa ni mwisho wa mtaa?"

"Nilikuambia yadi ishirini. Zikitimia, nina ugomvi gani na watu wa watu? Wakalale nje?"

Desemba msingi wa kijumba ulikuwa umechimbwa, na ndani ya nyumba walikuwa kumi, maana mgeni wa parokia alikuwa bado hajapata nauli. Asubuhi ya barafu ya kwanza, Winifrida na Angel waliingiza vyungu vya masale kimoja kimoja, wakavipanga kando ya kitanda. Dirisha la jikoni la jirani lilikuwa wazi.

"Mpaka umeingia ndani, Mama Nickson."

"Unaogopa baridi. Machi unarudi pale pale, na vyungu nimevihesabu."

Jioni ileile Nickson alimsomea barua mpya kutoka halmashauri. Mwenye nyumba namba thelathini anaomba kujenga kibanda cha wageni nyuma ya jiko. Wakazi wenye maoni waandike. Winifrida alisikiliza mpaka mwisho, akaagiza isomwe tena sehemu ya vipimo, kisha akanyoosha mkono, akagonga ukuta mara tatu.

"Bwana Kanti," aliita. "Lete fimbo."